Machungwa ya Mtangata na Ugonjwa wa Kiseyeye

Leo nitaanza na hadithi ya kale ya zaidi ya miaka 500 iliyopita. Ni ya kale lakini si ya mbali, kwani mambo yenyewe yalitokea baharini hapa hapa, kusini mwa Shimoni na Vanga, ukivuka mpaka kuelekea Tanga. Naomba mnivumilie, maana hadithi hii itatufikisha kwa mtoto anayetokwa damu kwenye ufizi, au anayeota mabaka meusi miguuni bila ya kuanguka.

Mwaka 1497, tarehe 8 Julai, Vasco da Gama aliondoka Lisbon na merikebu zake kutafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Mmoja wa watu wake aliandika shajara ya safari, na wengi hudhani mwandishi huyo alikuwa Álvaro Velho. Shajara hiyo ipo mpaka leo, ndiyo maana tunajua waliugua nini. Mwezi wa Januari 1498 walitia nanga kwenye mto mmoja karibu na Quelimane, katika nchi tunayoiita sasa Msumbiji. Wakakaa hapo zaidi ya mwezi mzima wakitengeneza vyombo. Hapo ndipo watu walipoanza kuugua kwa wingi. Miguu na mikono ilivimba. Fizi zilifura zikapanda juu ya meno hata mtu asiweze kutafuna.

Ugonjwa huo kwa Kiswahili unaitwa kiseyeye. Wazee wanalijua neno hili, vijana wengi hawalijui, na huenda hiyo ni dalili njema. Lakini ugonjwa uliosahaulika jina huwa mgumu kutambulika unaporudi.

Basi, mwanzoni mwa Aprili 1498, kabla ya alfajiri, merikebu moja iliyoitwa São Rafael ilikwama kwenye miamba karibu na Mtangata, upande wa kusini wa Tanga, pale yalipo magofu ya Tongoni. Mbele yao waliiona milima ya Usambara. Wakiwa wamekwama hivyo, watu wa pwani wakawaendea kwa mitumbwi miwili, na mmoja ulikuwa umejaa machungwa. Mwandishi wa shajara aliyasifu sana, akasema ni mazuri kuliko ya kwao Ureno. Maji yalipojaa merikebu ikaelea, wakapita mbele ya pwani yetu hii kuelekea kaskazini, na tarehe 7 Aprili wakafika Mombasa.

Mombasa hapakuwa na maelewano. Wageni waliwashuku wenyeji na wenyeji waliwashuku wageni, na mambo yaliishia vibaya. Hata hivyo mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa kwa wingi, malimau na miwa. Kisha mwandishi akaeleza kwamba wagonjwa wao wote walipona walipofika mji ule. Na sababu ya kupona aliitaja mwenyewe: Mungu amewarehemu, na hewa ya mahali pale ni nzuri sana.

Hewa! Machungwa wameyala, maganda bado yanaelea ubavuni mwa merikebu, na sifa zote zimekwenda kwa hewa. Mimi nikisoma hapo hucheka, halafu kicheko hunikatika, kwa sababu sisi nasi hufanya hivyo hivyo. Mtoto akitokwa damu tunatazama juu na chini, kila mahali isipokuwa kwenye sahani yake.

Sasa sikilizeni safari ya kurudi, maana hiyo ndiyo yenye msiba. Kutoka Malindi kwenda Bara Hindi walikuwa wamepelekwa na pepo za msimu wake, wakavuka kwa muda wa majuma matatu na ushei. Kurudi, waliondoka Oktoba 1498 bila ya kungoja kaskazi ikaze. Mvuvi yeyote wa Wasini angewaambia kwamba huo si wakati. Wakakaa baharini siku tatu kasoro miezi mitatu, upepo mara unakufa, mara unawapiga usoni. Kiseyeye kikawarudia wote. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko, na wengine kama hao walikuwa wamekwisha kufa kabla. Katika kila merikebu walibaki watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi.

Januari 1499 walifika Malindi, na kitu cha kwanza walichokitamani wagonjwa ni machungwa. Mtu akatumwa nchi kavu, akayaleta kesho yake pamoja na matunda mengine. Lakini safari hii wengi hawakupona. Walifia hapo hapo Malindi, na mwandishi akailaumu hewa, ile ile aliyoisifu Mombasa. Mwili uliokaa muda mrefu bila ya kile unachokihitaji huweza kushindwa ghafla, hata chakula kikiwa mkononi. Siku chache baadaye, kwenye miamba ile ile ya Mtangata, waliichoma moto São Rafael kwa mikono yao wenyewe, maana watu waliobaki hawakutosha kuongoza merikebu tatu.

Kuna nini basi ndani ya chungwa? Ndani yake mna vitamini C. Kazi yake kubwa ni kuusaidia mwili kutengeneza kolajeni, nayo ni kama kamba na saruji ya mwili. Ndiyo inayoshikilia ngozi, fizi, mifupa na kuta za mishipa midogo ya damu. Fikirieni ukuta wa udongo na fito. Kamba zikioza, udongo unamomonyoka hata kama hakuna aliyeusukuma. Mishipa midogo ya mtu mwenye kiseyeye iko hivyo. Damu yake yenyewe huenda haina kasoro, inaganda kama kawaida, lakini mishipa inavuja. Ndiyo maana mara nyingi vipimo vya kugandisha damu hurudi vizuri na kila mtu akabaki anashangaa.

Wanyama wengi hawana shida hii. Mbuzi wako anajitengenezea vitamini C mwenyewe mwilini, ng'ombe pia, hata paka. Binadamu hawezi, na nyani na kima hawawezi. Mbega wa Diani hushinda wakila majani mabichi na matunda, kwa hiyo wanaipata. Sisi tunaokula ugali, samaki na chai ya rangi, tusipoongeza kitu, hatuipati.

Huko Ulaya ilichukua muda mrefu kuufahamu ukweli huu. Mwaka 1747, daktari wa merikebu ya vita ya Waingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili. Wawili aliwapa siki, wengine maji ya bahari, wengine maji makali yaliyotiwa asidi, na kadhalika. Wawili tu aliwapa machungwa mawili na limau moja kila siku. Machungwa yaliisha baada ya siku sita, lakini mmoja wa wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwauguza wengine. Lind alichapisha kitabu mwaka 1753. Jeshi la majini la Uingereza likangoja mpaka 1795 ndipo likaamua mabaharia wapewe maji ya malimau. Na vitamini C yenyewe haikutambuliwa kwa hakika mpaka miaka ya 1930. Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusu mambo hayo.

Nimetaja siki kwa makusudi. Watu wengi hudhani kila kilicho kichachu kina vitamini C. Siki haina. Ukwaju tunaoupenda sana pwani unayo kidogo mno. Ndimu inayo, lakini limau linaizidi, na Waingereza walilijua hilo kwa uchungu. Walipobadilisha malimau wakatumia ndimu katika karne ya 19, kiseyeye kilirudi katika msafara wao wa kwenda ncha ya kaskazini ya dunia, mwaka 1875 na 1876.

Mpaka hapa mama anaweza kuniuliza: mimi nina mtoto wa miezi tisa, nina habari gani na mabaharia? Nisikilize basi, mama. Mwaka 1883, daktari wa watoto mjini London, Thomas Barlow, aliandika kuhusu watoto wachanga waliokuwa wakilia kwa uchungu kila waliponyanyuliwa. Walilala miguu imekunjuka kama ya chura, hawataki iguswe. Wakati ule wengi walidhani ni matege makali. Barlow alipochunguza waliokufa, akakuta damu imevuja kati ya mfupa na utando wake, hasa kwenye paja. Kilikuwa kiseyeye. Na watoto wenyewe hawakuwa wa maskini! Wengi walitoka nyumba zenye uwezo, ambako mtoto alilishwa maziwa ya kopo na vyakula vya unga vya dukani kwa kuwa vilionekana vya kisasa. Mtoto wa maskini aliyenyonya kifua cha mama yake alikuwa salama zaidi.

Maziwa ya mama anayekula matunda na mboga yana vitamini C ya kutosha. Maziwa ya ng'ombe yanayo kidogo sana, na yakichemshwa, nasi lazima tuyachemshe, hata hicho kidogo hupungua. Mtoto aliyeachishwa kunyonya mapema akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe na uji mweupe peke yake, mwezi baada ya mwezi, yuko safarini kama Vasco da Gama, ingawa analala kitandani kwako. Maziwa ya unga ya watoto ya siku hizi huongezwa vitamini, lakini yakizimuliwa mno ili kopo lifike mwisho wa mwezi, hayatoshi.

Msidhani pia kwamba haya yameisha duniani. Katika miaka ya 1980 kiseyeye kiliwashika wakimbizi wa Ethiopia waliokuwa makambini Somalia na Sudan, ambako chakula cha msaada kilikuwa nafaka, maharagwe na mafuta. Na hapa Kenya, katika kambi ya Kakuma, mwaka 2017 na 2018, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walianza kulalamika kwa maumivu ya miguu, kuvimba, na shida ya kutafuna. Baadaye ikajulikana kwamba ni kiseyeye, wakapewa vitamini C, wakapata nafuu. Zilikuwa zimepita karne tano na zaidi tangu ile mitumbwi ya Mtangata.

Hospitalini, nchi mbalimbali, madaktari wameandika habari za watoto waliopimwa saratani ya damu, wakapimwa ugonjwa wa viungo, wakapigwa picha za kila aina, na mwisho ikaonekana ni upungufu wa vitamini C. Wengi wa watoto hao wana usonji au ulemavu unaowafanya wakubali vyakula viwili au vitatu tu. Mama mwenye mtoto kama huyo anajua taabu yake: atakula chapati na chai, au biskuti na maziwa, na ukimpa kingine anatema au analia mpaka jioni. Mama huyo hana kosa. Ila anapokwenda kwa daktari na aseme wazi mtoto anakula nini, maana huenda asiulizwe. Wengine wa kuangaliwa ni wazee wasio na meno wanaoishi kwa uji na chai, watu walevi wasiokula, na mgonjwa wa muda mrefu anayelishwa chakula cha aina moja. Mvuta sigara naye anahitaji vitamini C zaidi ya asiyevuta.

Dalili haziji kwa siku moja. Mtu asiyepata vitamini C kabisa huanza kuzionyesha baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kwanza huwa mchovu, mkali, hana hamu ya chakula. Miguu inauma. Kisha vitone vidogo vyekundu hutokea miguuni, na ukitazama vizuri utaona vimezunguka mashina ya vinyweleo. Kwenye ngozi yetu nyeusi vitone hivi huonekana kwa shida, kwa hiyo tazama kwenye mwanga wa nje. Damu huvilia chini ya ngozi na kufanya mabaka. Fizi huvimba, hugeuka rangi ya zambarau, na kutoka damu. Kidonda hakifungi. Mtoto mchanga ambaye hajaota meno anaweza asiwe na dalili ya fizi hata kidogo. Kwake yeye tazama miguu, na sikiliza kilio anapovalishwa nepi.

Hapa nataka tuelewane vizuri. Sisemi kwamba kila anayetoka damu ana kiseyeye. Walio wengi hawana. Ufizi unaweza kutoka damu kwa uchafu wa meno tu. Mabaka na damu isiyokatika vinaweza kuletwa na upungufu wa chembe za kugandisha damu, na ugonjwa wa ini, na hemofilia ambayo mtoto huzaliwa nayo, na saratani ya damu, na homa ya dengi ambayo pwani yetu tumeshaiona, Mombasa ilikumbwa nayo mwaka 2013. Mtoto mwenye homa na vitone vya damu, au anayetapika damu, au damu haikatiki, asikae nyumbani akipewa machungwa. Apelekwe kituo cha afya au hospitali ya Msambweni siku hiyo hiyo. Na asipewe aspirini. Pia, jirani akiona mtoto ana mabaka asikimbilie kusema anapigwa, wala nyumbani msikimbilie kusema ni jini limemchezea. Apimwe kwanza.

Kwa aliyepimwa na kukutwa na kiseyeye, habari ni njema. Daktari humpa vitamini C kwa kipimo chake, na maumivu huanza kupungua ndani ya siku chache. Ni magonjwa machache yanayotii dawa upesi hivyo.

Na kwa kujikinga, kinachohitajika ni kidogo. Miligramu 10 tu kwa siku zinatosha kukizuia kiseyeye kwa mtu mzima, ingawa afya njema inataka zaidi. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikadiria miligramu 30 kwa mtoto mdogo na 70 kwa mama anayenyonyesha. Gramu 100 za chungwa zina kama 50, na papai linafika 60 hivi. Pera linapita 200. Nalo bibo, tunda la mkorosho tunalolitupa chini ya miti huku Kwale tukikimbilia korosho, lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Mimi huumia nikiyaona yakioza na nzi juu yake.

Unga wa ubuyu nao ni mzuri, lakini ule mkavu mweupe unaotoka kwenye kibuyu. Mabuyu ya rangi yanayouzwa shuleni yamepikwa na sukari, hayo ni peremende tu. Ukiutia kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, utie baada ya kuepua na uji kupoa kidogo, kwa sababu moto huiharibu vitamini C. Maji nayo huichukua. Mchicha ukichemshwa mpaka ukawa kama nguo kuukuu, kisha maji yake yakamwagwa, vitamini imekwenda na maji. Osha kwanza ndipo ukate, pika kwa muda mfupi, na supu yake inyweni. Usitie magadi. Kisamvu peke yake nakitoa katika hesabu hii. Lazima kitwangwe na kipikwe sana kwa sababu kina sumu kikiwa kibichi, kwa hiyo kile kwa faida zake nyingine, na vitamini C itafute kwenye embe.

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji ya matunda. Anyonye, na tunda ale mama. Akifikisha miezi sita, papai bivu lililopondwa kwa uma ni rahisi na halihitaji moto. Msimu wa maembe ukiisha kuna machungwa, na papai halina msimu mkali.

Ukiwa na wasiwasi na mtoto wako, fanya hivi kabla ya kwenda kliniki. Chukua karatasi, na kwa siku tatu andika kila kilichoingia kinywani mwake, asubuhi mpaka usiku, pamoja na chai na biskuti, bila ya kupamba. Kama huandiki, mwambie mtoto wa shule akuandikie. Karatasi hiyo itie ndani ya kijitabu cha mama na mtoto, na ukifika mbele ya daktari au muuguzi, mpe yeye kwanza kabla hujaanza kueleza.